Vifaranga Waliosafirishwa kwa Basi: Wakague Kabla ya Kuondoka Stendi

Wafugaji wengi siku hizi huagiza vifaranga wa siku moja kwa simu, hulipa kwa M-Pesa na kupokea katoni kwenye ofisi ya mizigo ya basi. Njia hii huokoa muda na nauli. Hata hivyo, mfugaji anayeibeba katoni hadi nyumbani bila kuifungua hatajua kama kasoro ilianzia kituo cha kutotolea, ndani ya gari au kwenye bruda yake. Vifaranga 100 wakiuzwa Sh100 kila mmoja, hizo ni Sh10,000 zilizo hatarini.

Kabla ya kulipa

Uliza kituo kimesajiliwa wapi, vifaranga walianguliwa lini na kama wamechanjwa dhidi ya ugonjwa wa Marek. Chanjo hii hutolewa kituoni siku ya kwanza, na huwezi kuitambua kwa kumtazama kifaranga, kwa hivyo omba uthibitisho wa maandishi. Mkubaliane pia, kwa ujumbe wa simu unaoweza kuuhifadhi, nani atafidia vifaranga watakaofika wakiwa wamekufa na malalamiko yapokelewe ndani ya muda gani.

Saa za safari

Kifaranga huanguliwa akiwa na sehemu ya kiini cha yai tumboni, inayoweza kumlisha kwa hadi saa 72. Ndiyo maana anaweza kusafiri bila chakula. Lakini kiini hicho hakimkingi dhidi ya joto kali, baridi au upungufu wa maji. Kadiri anavyochelewa kunywa na kula, ndivyo anavyodhoofika. Chagua gari la usiku au la alfajiri ikiwa eneo lenu lina joto, na uwe stendi kabla halijafika.

Ukaguzi wa stendi

Fungua katoni mbele ya karani wa mizigo. Sikiliza kwanza: vifaranga wenye afya hulia kwa sauti ya chini. Kelele kubwa ya pamoja mara nyingi ni baridi au njaa. Wakihema midomo wazi, wamepata joto kupita kiasi. Hesabu walio hai na waliokufa, kisha upige picha.

Halafu chukua vifaranga 20 kutoka pembe zote za katoni, umkague mmoja mmoja:

• Kitovu. Kiwe kimefunga, kikavu na safi. Kitovu kilicho wazi, chenye unyevu, uvimbe au harufu mbaya ni mlango wa maambukizi. Hii ndiyo dalili nzito kuliko zote.
• Nguvu. Mlaze chali kiganjani. Aliye mzima hujigeuza na kusimama ndani ya sekunde 3 hivi.
• Macho na manyoya. Macho yang'ae na yawe wazi. Manyoya yawe makavu, yasiyogandana.
• Miguu. Isiwe imepinda. Ngozi iliyosinyaa miguuni huashiria upungufu wa maji, na vifundo vyekundu huonyesha alihangaika kutoka kwenye yai.
• Sehemu ya haja. Isiwe imezibwa na kinyesi.

Ukubwa peke yake usikutishe. Vifaranga wa bantam ni wadogo kwa asili, na yai dogo hutoa kifaranga mdogo. Linalofaa kutazamwa ni kama wanalingana, kwa sababu wadogo waliochanganywa na wakubwa husukumwa mbali na chakula.

Wakifika nyumbani

Bruda iwe imewashwa saa kadhaa mapema, ikiwa na joto la nyuzi 32 hadi 35 usawa wa vifaranga. Ukitumia jiko la makaa, acha nafasi ya hewa kuingia. Wape maji safi kwanza, ukichovya midomo ya wachache ili wengine waige, kisha chakula. Kesho yake papasa gole: karibu wote wawe nalo limejaa na laini.

Andika vifo vya kila siku. Vifo vingi katika siku mbili za kwanza mara nyingi hutokana na kituo au safari. Vikianza siku ya nne au ya tano, chunguza bruda yako, kwani huenda baadhi hawakujifunza kula. Daftari hilo ndilo litakalokusaidia kudai haki yako, au kurekebisha malezi.

Usiwatupe waliokufa shimoni wala kuwapa mbwa. Wafunge kwenye mfuko, waweke mahali pa baridi na umwite afisa wa mifugo wa wadi siku hiyo hiyo ili wachunguzwe. Muulize pia ratiba ya chanjo za Newcastle na Gumboro, ambazo huanza katika wiki za kwanza. Vifaranga wapya wasichanganywe na kuku wakubwa wa boma.