Mpira saa 10, shabiki juani tangu saa 8

Mchezaji wa Unguja ana bahati moja: ratiba inamlinda. Mechi nyingi za jioni zinapigwa saa 10, jua limeshainama. Mwenye kazi ni shabiki. Siku ya mechi kubwa, saa 8 keshakaa jukwaa lisilo na paa, anawahi nafasi, na jua bado liko juu.

Unguja ipo nyuzi 6 tu kusini mwa Ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri linasimama wima juu ya Mji Mkongwe. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wajikinge kuanzia kipimo cha 3 cha mionzi ya urujuanimno. Ukanda huu, adhuhuri isiyo na mawingu, kipimo hupita 11, ngazi ya juu kabisa.

Kinachowapiga chenga wengi ni upepo. Kombe la Mapinduzi linachezwa Januari, kaskazi ikivuma. Mtu anapulizwa na bahari, hahisi joto, anadhani jua limepoa. Wapi! Upepo unapoza ngozi tu, mionzi iko palepale. Wingu jepesi nalo halizuii sehemu kubwa ya mionzi. Wanaokipiga ufukweni ndio wanapata ya juu na ya chini, maana mchanga mkavu unarudisha kama asilimia 15 ya mionzi.

Kuna wanaosema ngozi nyeusi haisumbuliwi na jua. Ni kweli nusu: weusi unasaidia, ila macho hayana ngao hiyo, na mionzi huchangia mtoto wa jicho.

Mwenye ualbino ndiye asiye na kinga hiyo, na kwake saratani ya ngozi ni tishio la maisha. Dar es Salaam iliwahi kuwa na timu yao, Albino United, iliyoonyesha kwamba mpira wanaujua. Huko Moshi, kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi cha KCMC, ndiko yalikoanza kutengenezwa mafuta ya Kilisun kwa ajili yao. Kocha wa watoto mwenye kijana kama huyo ampange mazoezi ya asubuhi na mapema au baada ya saa 10, jezi iwe ya mikono mirefu, na benchi lake liwe kivulini.

Kwa shabiki, kofia ya kiua inafunika utosi, inaacha pua, masikio na kisogo. Pama inafunika vyote. Mwavuli utakugombanisha na wa nyuma. Kanga au shati la mikono mirefu havimzibi mtu. Mafuta ya kinga ya SPF 30 yapakwe tena kila saa 2, kwani jasho huyaondoa.

Kipimo cha bure ni kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali: kaa barazani kwanza, nafasi mtumie mwenzako mwenye pama.