Kolesteroli Haichagui Tajiri Wala Mnene

Kutoka Soweto West, Kibera, hadi Kawangware, wasomaji wanauliza swali lilelile: mtu mwembamba, anayekula ugali kwa sukuma wiki na kutembea hadi Industrial Area kila siku, anapatwaje na kolesteroli, ugonjwa wa matajiri?

Si ugonjwa wa matajiri. Chakula kina nafasi yake, lakini sehemu kubwa ya jibu iko kwenye ini na jeni ulizorithi.

Seli za ini zina vipokezi vinavyodaka kolesteroli mbaya, LDL, na kuiingiza ndani isagwe. Kipokezi hurudi juu kudaka nyingine, tena na tena, kama mwenye mkokoteni anayeshusha mzigo na kurudia mwingine. Lakini ini hutoa pia protini iitwayo PCSK9. Ikinata kwenye kipokezi, hakirudi tena: kinasagwa pamoja na mzigo wake. PCSK9 ikizidi makali, vipokezi hupungua na LDL hujaa kwenye damu, hata ukila mboga za kuchemsha.

Kinyume chake kilidhihirika kwa watu wenye asili ya Afrika. Mwaka 2005, Jonathan Cohen na Helen Hobbs wa Dallas waligundua Wamarekani weusi waliozaliwa na kasoro inayoizima jeni ya PCSK9. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba LDL ya watu wa aina hiyo ilikuwa chini kwa asilimia 28, na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo chini kwa asilimia 88. Ugunduzi huo ulizaa sindano za kuizuia PCSK9, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2015.

Nairobi nayo imechangia. Wakazi wa Korogocho na Viwandani walitoa damu kwa utafiti wa AWI-Gen, pamoja na wenzao wa Ghana, Burkina Faso na Afrika Kusini, ili DNA yao ilinganishwe na viwango vya mafuta mwilini. Tunauhitaji utafiti huo, kwani Waafrika wana tofauti nyingi za jeni ambazo hazionekani ukichunguza Wazungu pekee.

Kwa kuwa LDL hutawaliwa zaidi na ini na jeni, anayeuza steji chupa ya ndimu na kitunguu saumu "kuzibua mishipa" anawadanganya wagonjwa, na wanaoacha vidonge vya kolesteroli kwa ajili yake wanahatarisha maisha.

Pima damu. Punguza vya kukaanga, acha sigara. Mzazi au ndugu akiwa amepata mshtuko wa moyo mapema, mwambie daktari. Ukiandikiwa statini, vidonge vya kushusha kolesteroli, zimeze: zinalisukuma ini kuongeza vipokezi.