Unga wa kuotesha mizizi: unafaa wapi?

Mwezi huu wanafunzi wametuuliza sana juu ya ule unga unaouzwa sokoni kama "dawa ya kukuza haraka". Mama mmoja wa kijiji chetu alitaka kuuza mafuta ya mgao aununue kwa ajili ya mihogo. Tulimwambia: mama, ngoja kwanza.

Unga huo, kama ni wa kweli, una homoni ya aina ya oksini. Mmea wenyewe unatengeneza oksini kwenye ncha yake changa, halafu inashuka chini. Ndiyo maana pingili iliyopandwa kichwa chini inasumbuka. Na ndiyo maana ukichuma ncha ya matembele, macho ya pembeni yanachipua. Mholanzi Frits Went alieleza habari ya homoni hii mwaka 1928, na mwaka 1935 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ile ya maabara inaotesha mizizi kwenye vipande vya shina.

Inaotesha mizizi, basi. Si mbolea, si maji. Tena ni kidogo sana: unga wa vipande laini una asilimia 0.1 tu ya homoni, wa miti migumu 0.8. Ukizidisha, macho yanakataa kuchipua.

Sasa mihogo na matembele vinaota vyenyewe, hela ya nini? Kata pingili kwenye shina la miezi 8 hadi 12, urefu sentimita 20 hadi 30, macho 5 hadi 7. Kubwa zaidi, shina lisiwe na batobato. Hakuna homoni inayoponya batobato; utauhamisha ugonjwa tu, na sombe itapungua pamoja na mihogo. Marando yalaze kivulini siku 1 au 2 ndipo uyapande, yataanza kutoa mizizi.

Unga unasaidia miti migumu kuota, kama mpera. Mimina kidogo pembeni, usichovye kwenye kopo. Lowesha mwisho wa chini, chovya, kung'uta. Toboa shimo kwa kijiti kwanza, la sivyo unga wote unabaki juu. Funika na mfuko wa nailoni unaoonyesha, weka kivulini, udongo usikauke. Nawa mikono, na watoto wasichezee kopo.

Wenye mipera mizuri, tunaomba vijiti vichache kwa bustani ya shule. Leteni asubuhi kabla ya jua kali, mmevifunga kwenye kitambaa chenye maji.