Kitambaa cha Fulana

Kitenge twakijua: nyuzi zake zimepishana, wala hakinyumbuki. Kitambaa cha fulana kimefumwa vitanzi kwa vitanzi; kwa hiyo humfuata mtoto achezaye na mama alimaye. Basi sisi wa Mbangala, tukienda sokoni Tunduma, tukijaribu kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, tushike sentimeta 10 za mapana yake, tuvute, tuachie. Kisiporudi kama kilivyokuwa, nguo italegea upesi magotini na viwikoni. Pili, tukiinue penye mwanga. Kikionyesha mkono, chafaa nguo ya ndani tu. Tatu, tuulize kama ni pamba, maana pamba hunywa jasho.

Nyumbani, tukifue kabla ya kukikata, kwa kuwa pamba hupungua ifuliwapo mara ya kwanza. Upande unaonyumbuka uzunguke mwili. Sindano iwe ya ncha ya mviringo, isitoboe nyuzi. Na mshono uende upande upande, kwani mshono ulionyooka hukatika nguo ivutwapo.

Mke mwema wa Mithali 31 hutafuta kwanza sufu na kitani, ndipo afanye kazi. Nasi tusione haya kuvuta kitambaa mbele ya mwuzaji: fedha ya nyumba ni amana.