Ndege Ileile, Mafunzo Mengine

Taja MU-2 mbele ya marubani wa Marekani, ubishi utaanza papo hapo. Wapo wanaoapa kwamba hakuna ndege ndogo inayoifikia kwa kasi na uimara. Wapo pia ambao hata bure hawaipandi.

Iliundwa na Mitsubishi ya Japani na kuruka mara ya kwanza Septemba 1963. Hadi uzalishaji ulipokoma miaka ya 1980, zilikuwa zimetoka zaidi ya 700, nyingi zikiunganishwa San Angelo, Texas. Wahandisi walitaka mambo mawili yasiyopatana: ikimbie karibu kilomita 550 kwa saa, na bado iweze kutua kwenye uwanja mfupi. Kwa kasi wakaipa bawa dogo. Kwa kutua wakajaza flapu ukingo wote wa nyuma wa bawa, pasibaki nafasi ya aileroni, vile vibao vya kuilaza ndege kushoto au kulia. Badala yake wakaweka spoila, vibao vyembamba vinavyochomoza juu ya bawa na kupunguza nguvu ya kuinua upande huo.

Injini zote mbili zikiwa nzima, mambo ni shwari. Shida huja moja inapozima ndege ndiyo kwanza imeacha ardhi. Rubani aliyezoea ndege nyingine hukata usukani kuelekea upande wa injini nzima. Spoila ya upande huo huinuka, na ndege iliyokwisha kupungukiwa na nguvu inazidi kuelemewa. Aliyefunzwa vizuri hukanyaga pedali, akaisawazisha kwa vibao vidogo vya trimu, na kuuacha usukani wa mkono katikati.

Lakini sheria haikumlazimu mtu kufunzwa hivyo. Kwa kuwa ilikuwa chini ya kilo 5,670, MU-2 haikuhitaji kibali cha pekee kwenye leseni ya rubani. Ilipozeeka na bei kushuka, ikaangukia mikononi mwa waliotoka moja kwa moja kwenye ndege za pistoni. Ajali zikafuatana.

Si zote zilizotokana na makosa ya rubani. Iliyomuua gavana wa South Dakota, George Mickelson, na wenzake saba huko Iowa mwaka 1993 ilianza na kitovu cha propela kilichovunjika. Hata hivyo, sifa mbaya haichambui. Baada ya ajali mbili karibu na uwanja wa Centennial, Colorado, Desemba 2004 na Agosti 2005, mbunge Tom Tancredo alitaka ndege hizo zizuiwe kuruka.

Mamlaka ya usafiri wa anga, FAA, haikuzizuia. Mwaka 2008 ilitoa kanuni ya SFAR 108: mtaala mmoja kwa marubani wote wa MU-2, orodha moja ya ukaguzi, mafunzo ya marudio kila mwaka, na otopailoti inayofanya kazi kwa anayeruka peke yake usiku au mawinguni. Bawa halikuguswa, na ajali zikapungua sana. Kwangu mimi, matokeo hayo hayampi ushindi kamili yeyote kati ya wabishi: ndege iliyohitaji sheria yake peke yake haikuwa ya kawaida, lakini haikuwa jeneza lenye mabawa.

Machi 2016 huko Québec, Kanada, MU-2 ilimuua waziri wa zamani Jean Lapierre na wengine sita. Wachunguzi walikuta ndege ilikaribia uwanja bila utulivu. Kasi iliposhuka mno karibu na ardhi, rubani aliongeza nguvu ghafla, nayo ikabingirika kulia. Mwaka huohuo FAA iliiondoa kanuni ya MU-2 kwenye masharti maalumu na kuiingiza katika sheria zake za kudumu.