Tusimwoze Furu Gizani

Wengi wetu hapa Bariadi humjua samaki akiwa tayari ni kitoweo. Ni wachache waliopata kumwona akichumbia, akitaga na kulea. Lakini yeyote anayefuga furu nyumbani katika tangi la kioo huyashuhudia hayo yote, na leo tunayaeleza kwa sababu yanatuhusu sisi wakulima na wafugaji kuliko tunavyodhani.

Furu dume hujitwalia kipande chake cha tangi, aghalabu penye mawe, akakilinda dhidi ya kila mgeni. Jike aliye tayari kutaga akikaribia, dume hutandaza mapezi, huzidisha rangi zake na kutetemeka mbele yake. Wakikubaliana huzungukana, jike hutaga mayai machache machache na kuyadaka papo hapo kinywani. Dume ana madoa ya manjano kwenye pezi la chini karibu na mkia, mfano wa mayai. Jike hujaribu kuyadaka nayo, na hapo ndipo anapopokea mbegu za dume, mayai yakarutubishwa mumo humo kinywani. Kwa muda wa wiki tatu hivi mama huyo huyaatamia, karibu bila kula. Hata baada ya kuwatoa watoto, huwarudisha kinywani panapotokea hatari.

Mfugaji mwangalifu hujifunza upesi mambo mawili. La kwanza, tangi likiwa dogo na jike akiwa peke yake, dume huweza kumsumbua hata akafa. Kwa hiyo dume mmoja huwekewa majike kadhaa na maficho ya kutosha. La pili, aina za furu zilizo karibu kiukoo zisichanganywe, maana jike asiyempata dume wa aina yake huweza kuzaa na wa aina nyingine, na watoto wakawa machotara.

Ziwani hakuna mfugaji wa kuwatenganisha. Kinachowatenganisha ni rangi. Kwenye visiwa vya mawe vya Ziwa Victoria wamo furu wawili walio ndugu wa karibu. Mmoja huitwa pundamilia, na dume wake ni wa buluu. Wa pili, ambaye dume wake ni mwekundu, huitwa nyererei, jina alilopewa kwa heshima ya Baba wa Taifa mwaka 1985, mwaka ule ule Mwalimu aliong'atuka Urais. Majike wao hufanana sana, na kila mmoja humtambua mwenziwe kwa rangi.

Katika miaka ya 1990, Ole Seehausen na wenzake waliwajaribu furu hao katika matangi. Penye mwanga wa kawaida, jike alimchagua dume wa aina yake. Taa zilipobadilishwa ili tofauti ya rangi isionekane, uchaguzi ule ulitoweka. Mwaka 1997 walitangaza kwamba hata ziwani, penye maji yenye ukungu, rangi za madume zimefifia na aina za furu ni chache. Wahenga walisema chema chajiuza. Lakini ndani ya tope hata chema hakionekani.

Tumezoea kumlaumu sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, kwa kupotea kwa aina za furu zinazokadiriwa kufikia 200. Lawama hiyo ni ya haki. Lakini sangara hakuleta tope. Mto wetu Simiyu hukauka kiangazi, na mvua zikinyesha huteremka na udongo wa mashamba yetu na wa njia za ng'ombe, ukaumwaga katika Ghuba ya Speke. Rutuba iliyomo hustawisha mwani, na giza likazidi.

Dawa yake hatuhitaji kuiagiza ng'ambo. Wasukuma tangu zamani wana ngitili, malisho yanayofungwa masika ili yatumike kiangazi. Kuanzia mwaka 1986, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zingali ndani ya Mkoa wa Shinyanga, mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga uliwahimiza wananchi kuzifufua, na miti na majani yakarudi mahali palipokuwa uwanda mtupu.

Kwa hiyo tunasema: tufunge ngitili, tulime kwa kukinga mteremko, tuache majani yasimame kandokando ya mito. Udongo ukibaki shambani, mkulima wa Itilima atapata mavuno, na furu wa Busega atamwona mchumba wake.