Miezi mitatu ya mhandisi, miezi saba ya msafirishaji

Ukimuuliza afisa wa barabara nchini Uganda daraja la Karuma lilifungwa kwa muda gani, atakujibu miezi mitatu, na karatasi za kuthibitisha anazo. Njia ilifungwa Septemba 23, 2024, magari yakarejea kabla ya Krismasi, kama ilivyotangazwa. Swali hilohilo muulize mwenye lori, naye ataanza kuhesabu tangu Mei mwaka huo, pale malori na mabasi makubwa yalipozuiwa kukanyaga daraja kwa sababu sakafu yake ilikuwa imechoka. Kwake yeye ni zaidi ya miezi saba.

Kati ya hesabu hizo mbili ndimo ilimopotea fedha ya watu wengi, na kwa kuwa madaraja ya umri wa Karuma yamejaa katika barabara zetu kuu, kila anayeishi kwa magurudumu ana sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini. Karuma lilijengwa mwaka 1963. Ndilo linalovusha barabara ya Kampala kwenda Gulu juu ya mto Nile, na kutoka hapo mizigo hugawanyika: mingine huenda Arua na Congo, mingine Elegu na Sudan Kusini. Leo sheria ya uzito ya Afrika Mashariki inaruhusu lori la ekseli saba kubeba hadi tani 56, uzito wa gari ukiwemo. Waliochora daraja mwanzoni mwa miaka ya sitini hawakuwa na magari ya namna hiyo barabarani.

Mfanyabiashara mmoja wa mahindi wa Bweyale, upande wa kusini wa mto, ana malalamiko ambayo kila anayeyasikiliza hukaa kimya. Wateja wake wako Elegu, mpakani. Zamani alikuwa akipakia jioni na kulipokucha gari liko sokoni. Kutoka ghala lake hadi Kamdini, mji wa kwanza mkubwa baada ya daraja, ni mwendo usiofika saa moja. Malori yalipozuiwa, alibakiwa na njia mbili. Ya kwanza ni kugeuza kichwa cha gari kusini, kurudi mpaka karibu na Kampala, kisha Iganga, Mbale, Soroti na Lira, ili aje atokee Kamdini ileile aliyoiacha nyuma ya mgongo wake. Ya pili ni kushusha mzigo na kuuvusha kwa magari madogo, ambayo wakati huo bado yalikuwa yakiruhusiwa.

Alichagua ya pili, na anaeleza hasara yake gunia kwa gunia. Wapakizi wa pale hutumia ndoano za chuma. Gunia likishushwa mara moja linavumilia, likishushwa na kupandishwa mara tatu linachanika, na mahindi yanayomwagika kando ya barabara ya Karuma hayaokotwi na binadamu, kwa maana nyani wa msitu ule wanaijua ratiba ya magari kuliko makondakta. Mvua ikinyesha katikati ya kuhamisha mzigo, turubai moja haitoshi magari mawili. Mnunuzi wa Elegu hutia mkono ndani ya gunia, akisikia unyevu hushusha bei papo hapo au humwambia arudi nayo. Arudi nayo kwa daraja lipi?

Halafu ikaja Septemba na hata hayo magari madogo yakazuiwa. Hapo, anasema, aliacha kununua kabisa kwa wakulima wa Kiryandongo, wakiwemo wakimbizi wa Sudan Kusini wanaolima vishamba vyao huko. Kinachomuuma ni kwamba hakuna aliyemuuliza lini ananunua, lini anauza, wala mkopo wake wa benki unaisha lini. Taarifa aliisikia redioni kama abiria yeyote.

Afisa tuliyezungumza naye, kwa sharti la kutotajwa, hayakatai hayo yote. Hoja yake ni kwamba mzigo wa ziada ulipunguzwa na njia mbadala zilizotangazwa mapema, na aliziorodhesha kwa vidole: ya Masindi na Paraa kupitia hifadhi ya Murchison Falls, ya Masindi Port na Apac, na ile ndefu ya mashariki kupitia Mbale, Soroti na Lira. Njia tatu. Hesabu hiyo ilirudiwa mno na ilistahili kuchunguzwa zaidi kuliko ilivyochunguzwa. Njia ya hifadhini si ya trela, na hifadhi ina milango na saa zake. Njia ya Masindi Port ina mto uleule wa Nile wa kuvuka, na kipande kikubwa cha barabara yake ni cha udongo. Kwa semitrela iliyojaa, njia zile tatu zilikuwa moja tu, nayo huongeza zaidi ya kilomita 200 kwa safari ya Kampala hadi Gulu ambayo kwa kawaida haifiki kilomita 350.

Mwenye lori hahesabu mafuta peke yake. Anahesabu safari. Gari lililokuwa likienda na kurudi mara kadhaa kwa wiki likipunguza mzunguko, marejesho ya mkopo hayapungui nalo. Posho ya dereva na utingo huongezeka kwa sababu wanalala njiani. Tairi huisha mapema. Kampuni kubwa zenye mikataba ya mwaka zilikwama na bei za zamani, hali wenye gari moja au mawili waliweza kupandisha bei, ila nao waliwapoteza wateja walioona ni heri mzigo usubiri. Nani aliumia zaidi kati yao? Majibu tuliyopata yanapingana, na sishangai, kwa kuwa kila mmoja anajibu kutoka kwenye kiti chake.

Wasafirishaji wa Mombasa wana yao. Mzigo wa Juba unaoingilia Malaba hupita Tororo, Mbale, Soroti na Lira, hauvuki Karuma kabisa. Kwa macho ya ofisi, hao hawakuguswa. Lakini ndio waliopokea wageni wote waliohamishiwa barabara yao, wakakuta foleni kwenye mizani na maegesho ya usiku yamejaa. Dereva mmoja Mkenya anasema Lira ilikuwa na wenye nyumba za kulala wageni waliofurahi na madereva waliochoka. Upande wa pili, vituo vya mafuta na wachoma nyama wa Karuma na Bweyale walikaa wakitazama lami tupu. Fedha haikupotea yote, sehemu yake ilihamia mashariki, na hili wanaolalamika huwa hawalitaji.

Kuhusu kufunga kabisa badala ya kufunga upande mmoja, wahandisi wana hoja yenye nguvu. Zege bichi linalomwagwa upande wa kushoto, huku trela inatikisa upande wa kulia, huweza kupasuka kabla halijashika. Daraja ni jembamba, liko kwenye kona kali iliyokwisha kuua watu wengi, na kuwaweka mafundi hapo kati ya malori yanayoshuka mteremko ni kuhatarisha maisha. Hilo nalikubali. Nisilolikubali ni majira. Septemba na Oktoba ni miezi ya mvua kaskazini mwa Uganda. Kufunga lami wakati huo na kuyaelekeza magari kwenye barabara za udongo ni kuzivunja barabara hizo, na wanaobaki na mashimo ni wakazi wa vijiji ambao daraja hata hawalitumii. Afisa wetu anasema lengo lilikuwa kuwahi Krismasi. Wasafiri wa Krismasi waliwahiwa. Mazao ya msimu wa kwanza, ambayo miezi ile ndiyo yanayosafirishwa, hayakuwahiwa.

Kwingineko tatizo hili limetatuliwa kwa kujenga jipya huku la zamani likiendelea kubeba. Wami, kati ya Chalinze na Segera nchini Tanzania, malori yalipokezana kwa miongo kwenye daraja la gari moja la mwaka 1959, hadi jipya lilipofunguliwa pembeni yake mwaka 2022. Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, ilifanyika hivyo, na Jinja pia, ambako daraja la mita 525 lilifunguliwa Oktoba 2018 kuipumzisha barabara iliyo juu ya bwawa la mwaka 1954. Dawa hiyo ni ghali na huchukua miaka, kwa hiyo madaraja mengi ya enzi ya uhuru yatakarabatiwa tu. Tulipouliza lipi litafuata na lini, afisa alisema tathmini inaendelea. Jibu hilo halimsaidii mtu anayepanga kununua lori kwa mkopo wa miaka minne.

Huenda mambo yakawa nafuu safari ijayo. Mkataba wa ukarabati unaweza kuwa na fungu la kuzitengeneza njia za mchepuko kabla ya kufunga na baada ya kufungua, na tangazo linaweza kuhesabu siku tangu zuio la uzito linapoanza. Sikupata ishara kwamba hayo yamekubaliwa. Wasafirishaji wenyewe hawasubiri: baadhi sasa wanataka kifungu cha mkataba kinachoongeza malipo kwa kila kilomita ya mchepuko, na wateja wakubwa wameanza kukisaini. Yule wa Bweyale hana mkataba. Magari yake anayakodi kwa simu, bei ya siku hiyohiyo, na kwa sasa anaulizia chumba cha ghala Kamdini ili nusu ya mahindi yake yawe yanalala upande wa pili wa mto.